Anayefua Koti la Mume Wangu

Mume wangu alipoanza kurudi nyumbani akiwa ameshaoga, nilijua nimeibiwa. Sikuhitaji mtu wa kuniambia. Mwanamume anayefanya kazi ya kuzima moto anatakiwa arudi ananuka moshi, masizi puani, macho mekundu kama aliyelia msibani. Wangu alirudi jioni ile amevaa fulana safi, kichwa kibichi, ananukia sabuni ya waridi. Nyumbani kwetu hatujawahi kununua sabuni ya waridi. Sisi tunatumia ya kipande, ile ile ya kufulia, na anayetaka kunukia zaidi ya hapo ajue mwenyewe.

"Nguo ziko wapi?" nikamuuliza, hata pole ya kazi sijampa.

"Kituoni."

"Zinafanya nini kituoni?"

"Zinafuliwa."

"Na nani?"

Akanitazama, akacheka kidogo, akaingia ndani kumchukua mtoto. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza.

Lazima nieleze jambo hili la nguo, maana asiyelijua ataniona mwendawazimu. Mimi nimezaliwa ufukweni, upande wa Matema, karibu na Lyulilo, kwenye ukoo wa wafinyanzi. Baba alivua usipa, vidagaa vya ziwani, mama alifinyanga vyungu, na vyungu vya mama vilipakiwa kwenye mtumbwi kwenda sokoni. Kule kwetu wanawake walifua kwenye mawe yale yale, mbele ya macho ya kila mtu, na shati la mwanamume likionekana kwenye beseni la mwanamke, basi, habari imekwisha, hakuna haja ya kutangaza kanisani. Siku naolewa kuja Kyela mjini, mama alinishika mkono akaniambia mambo mengi ya kupika na kuheshimu wakwe, nimeyasahau karibu yote. Nililoshika ni moja tu: nguo zake zisiguswe na mkono mwingine.

Nikashika kweli. Koti la zimamoto si nguo ya mchezo. Likikauka ni zito, likilowa ni gunia la mpunga. Nilikuwa naliloweka kwenye beseni letu kubwa la bati, nalikanyaga kwa miguu kama nakanyaga udongo wa vyungu, maji yanatoka meusi, namwaga, natia mengine, yanatoka meusi tena. Mara ya tatu yakiwa ya kijivu najisemea yatosha. Halafu nalianika kwenye kamba inayotazama barabara. Nyuma ya nyumba kuna jua zuri tu, lakini nyuma nani angeliona? Watu walipita na baiskeli zao za ndizi wakasema, "Mama, jana walikuwa na kazi kubwa," na mimi najibu, "Acheni tu," kana kwamba moto nimeuzima mimi.

Na harufu yake, jamani. Wengine wanapenda manukato. Siku ya kuchoma vyungu kwetu, wanawake hupanga vyungu chini, wanavifunika kwa kuni na nyasi, wanawasha, na ufuko mzima unajaa moshi mpaka mtumbwi unaokuja hauonekani. Sisi watoto tulikohoa na kucheka. Kwa hiyo mume wangu akirudi na moshi wake nilikuwa nautia uso wangu shingoni kwake, navuta pumzi mpaka mwisho, najiona nimefika nyumbani kwa mama. Binti yetu alipozaliwa, katika mvua zile za mwezi wa nne ambazo Kyela yote inageuka jaruba, nilikuwa namfunika na lile koti. Halipitishi maji wala baridi. Mtoto alilala vizuri chini yake, miaka miwili, na mimi nilijiona mjanja kuliko wanawake wote wa mtaa.

Sasa mtu huyo huyo anarudi ananukia waridi, na koti limebaki huko anakojua yeye.

Pale kituoni palikuwa na askari mwanamke. Alihamia kutoka mkoa mwingine, mrefu, mabega ya mvuvi anayevuta kokoro, na suruali inamkaa. Nilimchukia hata kabla sijamwona. Mume wangu akisimulia moto wowote, nikimuuliza aliingia na nani, ni yeye. Alikaa na nani chini ya bati lililoanguka wakisubiri maji? Yeye. Nani alimshika mkono maji ya mtaro yalipokuwa yanamchukua siku ya mafuriko, walipokwenda kutafuta mwili wa mzee aliyezama? Yeye huyo huyo. Mimi na mume wangu tuna nini cha kusimulia? Tumepanda mpunga pamoja. Tumemzika mama yake pamoja. Hatujawahi kutoka ndani ya moto tumeshikana mikono, na hatutatoka.

Halafu ikaungua mashine ya kukoboa mpunga, njia ya kutokea mjini, mchana kweupe. Nikaenda. Niseme ukweli, sikwenda kuangalia moto. Nilikwenda kuwaangalia wao wawili.

Gari lilipofika, watu walishachemka. "Mmekuja kuzima majivu!" wakapiga kelele. "Hilo gari lenyewe lina maji?" Jiwe likarushwa, likampiga mume wangu kwenye kofia ngumu, likadunda. Nikajipenyeza mbele. Lakini kabla sijafungua mdomo, yule mwanamke alishasimama mbele yake, mikono kiunoni, anawakemea watu wazima kama anakemea wanakwaya waliochelewa, na wao wananywea mmoja mmoja. Wee! Ile ilikuwa kazi yangu. Wa kumtukania watu mume wangu ni mimi, nimeolewa kwa kazi hiyo.

Miali ilizimwa haraka. Kilichobaki ni pumba, na wenye kuishi Kyela wanajua pumba zilivyo. Rundo linatulia juu, jeusi, kumbe ndani linawaka kimya kimya siku mbili, siku tatu. Wakawa wanalichimbua kwa koleo na kulimwagia maji kidogo kidogo. Wakati wa miali walikuwa na barakoa zao na mitungi ya hewa mgongoni. Sasa mitungi imekwisha hewa, na moto wenyewe hauonekani, wakavua kila kitu usoni wakawa wanachimba midomo wazi katikati ya ule moshi. Mimi nilifurahi, maana sasa nilikuwa namwona uso.

Siku ya pili nikampelekea uji kwenye chupa ya chai. Nilimkuta ameinama, ameshika magoti, anakohoa. Yule mwanamke anammwagia maji shingoni kwa kopo, na mkono wake mwingine unampiga-piga mgongoni. Polepole. Mkono wa mtu aliyezoea. Niligeuka na chupa yangu, na ule uji nikaunywa mwenyewe njiani, wa moto hivyo hivyo, nikaungua ulimi.

Baada ya pale mambo yakazidi. Mume wangu akaanza kulala kwenye kochi sebuleni, eti kitandani anabanwa. Binti akimkimbilia mlangoni anamkwepa, anapita moja kwa moja bafuni kuoga tena, mtu aliyeoga kituoni anaoga nini? Na siku zake za mapumziko anakwenda Ikolo kwa baba yake, eti kupalilia migomba. Mh! Migomba gani hiyo isiyokwisha magugu? Anarudi miguu haina hata tone la tope, uso umelainika, ananukia majani yasiyojulikana. Nikaongeza mwenyewe: sabuni ya waridi, kochi, Ikolo. Mtu akiniambia nilikosea kujumlisha, aniambie yeye angepata jibu gani.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, nikajitwisha beseni langu la bati, nikatia ndani kipande cha sabuni, nikatembea mpaka kituoni. Nilipita sokoni katikati makusudi. Wanawake wa dagaa wakaniuliza, "Ugonile, mama, unakwenda kufua wapi?" Nikawajibu, "Kwa mume wangu."

Nyuma ya kituo palikuwa na pipa. Na kwenye pipa, nani? Yule yule, amevaa glovu za mpira mpaka kwenye viwiko, kitambaa usoni, anakoroga makoti kwa mti. Moja nililijua papo hapo, kwapani nililishona mimi kwa uzi mwekundu.

"Shemeji, karibu," akasema.

Shemeji! "Nimefuata koti la mume wangu," nikamwambia.

"Hilo bado, usilishike hivyo. Mikono mitupu haifai."

"Mikono hii imelifua miaka sita, leo ndiyo haifai?"

"Shemeji, nisikilize. Hatufui nyumbani tena. Tunafua hapa kwa zamu. Leo zamu yangu, wiki ijayo ni yake."

Hapo ndipo nilipopasuka. "Kwa hiyo na yeye anakufulia wewe?"

"Ndiyo, wiki ijayo."

Haki ya Mungu, sikusikia lililofuata. Mwanamume ambaye kwangu hajawahi kufua hata soksi anakwenda kumfulia mwanamke mwingine suruali! Nikatumbukiza mikono kwenye lile pipa, nikalivuta koti, maji meusi yakanimwagikia kifuani, nikalitia kwenye beseni, nikajitwisha, nikaondoka linanichuruzikia usoni mpaka nyumbani. Nililifua upya. Nililikanyaga mpaka magoti yakauma. Nikalianika palepale pake, linatazama barabara, na nikakaa mlangoni kumsubiri.

Alikuja saa kumi. Aliliona tangu mbali. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nimeshapanga na majibu, lakini hakupiga kelele. Alikaa chini, kwenye mchanga, nje, mtu na suruali yake safi.

"Umelifulia kwenye beseni gani?" akauliza.

"Tuna mabeseni mangapi?"

"La mtoto?"

"La nyumba. Mtoto anaogeshwa humo, tunafulia humo, tunaloweka mpunga wa mbegu humo. Leo ndiyo unaliuliza beseni?"

Akainuka, akalichukua beseni, akalitoboa kwa panga. Beseni langu la harusi! Akasema lile koti lina sumu, kila kinachoungua ndani ya maduka na maghala kinaingia kwenye kitambaa, na kikiingia hakitoki kwa kukanyagwa.

"Sumu," nikamwambia. "Mimi nimezaliwa ndani ya moshi, mama yangu ana miaka sabini anachoma vyungu, na hajafa. Tafuta uongo mwingine."

"Moshi wa kuni na moshi wa dawa za mashambani si mmoja, mama. Matairi, plastiki, magodoro..."

"Na sabuni ya waridi ni ya sumu gani?"

Akaliokota panga, akaingia ndani. Mtu mwenye jibu hujibu. Jumamosi ilipofika akasema anakwenda Ikolo kupalilia migomba. Nikamwambia nenda salama. Nikamwacha atangulie nusu saa, nikamwachia jirani mtoto, nikapanda bodaboda.

Sasa, kuna jambo kuhusu Ikolo ambalo lilinizuia siku zote kumfuata. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Si kwamba wamegombana, ni heshima. Hamkai chumba kimoja, hampishani njiani, humtazami usoni. Mjini wengi wamelegeza, utawakuta wanakula meza moja. Mkwe wangu ni wa zamani, na mimi nilikuwa nimemheshimu miaka sita bila kuuona uso wake. Nilimjua kwa kofia, kwa mgongo, na kwa kikohozi. Akiwa anakuja mahali nilipo alikohoa kwa mbali, kunionya, na mimi najificha mpaka apite.

Kwa hiyo nilipokaribia ule mji wake na kusikia kikohozi, miguu ilijua yenyewe la kufanya. Nikachepuka, nikachuchumaa nyuma ya migomba, nikafunika uso kwa khanga. Kikohozi cha mzee, kizito, kinatoka chini kabisa. Nikasubiri apite. Hakupita. Kikaendelea, kikakatika, kikaanza tena, na mimi nimechuchumaa, siafu wananipanda. Nikasema mzee huyu leo ananionya au anakufa?

Nikachungulia. Uani palikuwa na blanketi limejikunja kama kichuguu, linatikisika. Chini yake miguu imetokeza, na nyayo zile nazijua, ni za mume wangu. Na kwenye kamba kuna khanga. Mama mkwe tulishamzika. Khanga ya nani ile? Blanketi likatikisika tena, na ndani yake nikasikia mtu anaguna.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka niko katikati ya ua, nimelishika blanketi kwa mikono miwili, napiga kelele, "Toka, malaya wewe! Toka nikuone!" Nikalivuta lote.

Mvuke ulinipiga usoni. Alikuwa peke yake. Amekaa kwenye kigoda, kifua wazi, ameinamia nyungu inayofuka majani ya mkaratusi na mchaichai, jasho linamtiririka. Mbavu zake nilizihesabu. Miezi yote ile ya kochi na fulana safi, sikuwa nimekiona kifua chake mchana. Akajaribu kuniambia kitu, kikohozi kikamkata, na ndicho kile kile. Kumbe kikohozi cha mzee kilikuwa cha mume wangu, mwanamume wa miaka thelathini na minane.

Na mzee mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika birika la maji ya moto, ananitazama. Tukatazamana uso kwa uso, mimi na baba mkwe wangu. Ana macho ya mwanawe.

Loo, nilitamani ardhi inimeze. Yeye ndiye aliyepata akili kwanza. Akaweka birika chini, akatugeuzia mgongo, akauelekea ukuta wa nyumba yake, karibu pua iguse tofali, akaanza kuongea nao.

"Wewe ukuta," akasema, "mwambie aliyesimama nyuma yangu kwamba mimi sijamwona. Mwambie hapa hakuna mwanamke. Mwambie mume wake anaumwa kifua tangu ule moto wa pumba, masika ya mwaka jana. Alikwenda hospitali kubwa, wakampiga picha, mapafu yana makovu ya moshi, na kovu la ndani halifutiki. Wamemwambia aache kuingia motoni. Nilimwambia amwambie mkewe, akakataa. Akaniambia mkewe akijua atakwenda kusema kituoni, naye ataondolewa kazini kesho yake, na bila ile kazi yeye si mtu." Akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Na mwambie mwanangu, wewe ukuta, kwamba mimi ni mzee. Siri za mtu na mkewe asiniletee tena. Nimechoka kukaa nazo."

Nikapiga magoti. Adabu ni adabu, hata ukiwa umeshaivunja. Nikaitazama ile nyungu, na nikaijua, ile mistari ya shingoni ni ya mkono wa mama yangu. Nikaiambia, "Wewe nyungu, mwambie baba ndaga fijo, asante sana. Mwambie anisamehe." Khanga iliyokuwa kwenye kamba ilikuwa yangu, mume wangu alikuwa anajifutia jasho nayo. Nilikuwa nimemtuhumu jirani kwamba kaiiba.

Tulirudi kwa miguu kipande kirefu, maana kwenye bodaboda vumbi linambana. Tulipita kwenye mikeka ya kokoa imeanikwa, watu wanatusalimia, na mimi nalia bila kuficha. Nikamuuliza lile lile, lakini safari hii kwa kutaka kujua.

"Sabuni ya waridi."

"Aliinunua yeye, mwenzetu wa kituoni. Kwa wote. Kituo alichotoka, mkubwa wake wa kazi alikufa kwa saratani ya koo. Alimuuguza mwenyewe mpaka mwisho. Alipokuja kwetu akatuambia, kuanzia leo hakuna anayepanda gari kwenda kwao na masizi. Tulimcheka. Halafu akaja mwalimu wa mafunzo, akasema yale yale, kwamba masizi yanapita kwenye ngozi, yanakwenda na wewe nyumbani, yanakaa kwenye mito na kwenye nywele za watoto."

"Ungeniambia siku hiyo hiyo."

Akaukwepa mkeka mmoja wa kokoa.

"Siku ile ya mafunzo nilirudi mchana," akasema. "Wewe ulikuwa nje unapepeta. Nikaingia ndani, nikamkuta amelala. Umemfunika na koti, amelishika pindo analinyonya. Ningekuambia nini, mama? Kwamba miaka miwili umemfunika mtoto wetu na sumu, na mimi ndiye niliyekuletea?"

Binti yetu alikuwa na vipele shingoni mwaka mzima. Tulipaka dawa za zahanati, tulipaka mafuta ya nazi, vilikwenda na kurudi. Tangu koti lilipoacha kuja nyumbani havijarudi. Nilimuuliza daktari kama ni koti, akasema hawezi kujua, huenda ilikuwa joto tu la Kyela. Ni mtu mwema, nadhani alikuwa ananionea huruma. Mimi sijui mpaka leo, na kutojua kwenyewe naamka nako.

Nilipeleka jogoo Ikolo kuomba radhi, nikampa mtoto wa jirani amfikishie mzee. Sasa mume wangu wamemhamishia kazi ya mezani. Anakwenda mashuleni na makanisani kuwafundisha watu kufunga mitungi ya gesi. Mimi mafiga yangu nimeyavunja, napika kwa gesi, na siku mama anapochoma vyungu hatuendi ufukweni. Moshi niliozaliwa nao siuruhusu umsogelee.

Anavaa mashati meupe. Nayafua mimi, nguo zake zimerudi zote kwenye mkono wangu kama nilivyotaka, na maji yanatoka kama yalivyoingia. Nalinusa shati, halina kitu. King'ora kikilia, anaweka kijiko chini, anatoka mpaka barabarani, anasimama analisindikiza gari kwa macho mpaka lipotee, na likishapotea anabaki amesimama. Naujua mtazamo ule. Nimeusubiri kwa hamu tangu nilipoolewa, na hajawahi kunitazama hivyo. Naona wivu, niseme nini? Angekuwa mwanamke ningemvua kitambaa cha kichwani. King'ora nitakifanya nini?

Mwezi uliopita liliungua duka la mitumba sokoni, likakamata na duka la viatu. Jioni mume wangu akatafuta ndala zake.

"Wapi?"

"Wiki hii ni zamu yangu ya pipa."

"Thubutu! Kaa chini."

"Mama, ni zamu yangu. Wenzangu wametoka motoni."

"Nimesema kaa."

Nikachukua glovu za mpira, nikafunga khanga mdomoni na puani, nikaenda mimi. Nilimkuta yule mwanamke amekaa kwenye ngazi za nyuma ya kituo, koti bado mwilini, masizi mpaka kwenye kope. Aliponiona na glovu akacheka.

"Shemeji, leo umekuja kunipiga?"

"Vua koti."

Akavua. Nikalitia kwenye pipa na mengine, nikakoroga. Maji meusi, nikamwaga. Meusi tena, nikamwaga. Nyuma yangu akaanza kukohoa. Nikaacha kukoroga nikasikiliza, maana sasa mimi ni fundi wa vikohozi. Kilikuwa kikavu, cha juu juu, kinakuja viwili viwili. Cha mume wangu kilianza hivyo hivyo kwenye zile pumba, na mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya uji nautazama mkono wa huyu mgongoni mwake.

"Umekwenda kupiga picha ya kifua?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, akaangalia pembeni. Kicheko kile kile.

"Kesho saa mbili nakuja kukuchukua," nikamwambia. "Ukijificha nitakutafuta, na wewe unajua mimi nikitafuta mtu ninavyokuwa."

Tumekwenda. Wamempiga picha, majibu tunayasubiri. Tangu siku hiyo koti lake nalifua mimi, iwe zamu ya nani. Nalianika nyuma ya kituo, mbali na barabara. Juzi nilimkuta askari mmoja amelishika anataka kulitia kwenye pipa, nikamnyang'anya.

"Weka chini," nikamwambia. "Hilo ni la kwangu."